Kisu cha kukunja cha "meli ya Mjerumani": ni chenyewe au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Heller Ishirini (Kigoma, Mwanga)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni mtu wa sarafu. Ninazo sarafu za Mjerumani za heller 20 za mwaka 1916, zile zilizogongwa Tabora wakati wa vita, zenye herufi T. Kwenye sarafu hanidanganyi mtu. Kwenye visu ni mtoto wa chekechea.

Jumamosi mzee mmoja wa Ujiji alinifungulia kitambaa, ndani kuna kisu cha kukunja. Mpini ni wa mbao, wekundu uliofifia, umepachikwa vinakshi vya bati: mwezi mwandamo na nyota. Ukikifungua kinalia krr krr krr, na hakifungi mpaka uvute kipete cha mgongoni. Kwenye ubapa kuna mnyama kama twiga aliyepunguzwa shingo na neno OKAPI. Karibu na mpini, kwa herufi ndogo: MADE IN W. GERMANY.

Mzee anasema babu yake alikuwa kibarua siku walipoiopoa Goetzen, ile meli ya Mjerumani, kutoka Ziwa Tanganyika, akakiokota kwenye chumba cha nahodha. Nikamuuliza W ni nini, akajibu bila kupepesa: "Wilhelm. Kaisari." Anataka laki nne na nusu. Nimeshamwachia elfu hamsini ya kishika uchumba. Mke wangu hajui.

Nimejaribu sumaku, inanasa. Mpini unanukia kama majani ya chai, sijui kwa nini. Nimalizie hela au nikimbie?

Mama Mgebuka (Kibirizi)

Laki nne na nusu? Kaka, kwa hela hiyo nakujazia migebuka mikavu nyumba nzima, na kisu cha kuipasulia nakupa bure. Wifi atajua tu.

Mnoa Visu wa Isevya (Tabora)

Marahaba kijana. Mimi kazi yangu ni jiwe na tupa, visu vya kila namna vimepita mkononi mwangu.

Tuanze na hiyo herufi, maana wewe mwenyewe unayo dawa mfukoni. T ya heller yako ni Tabora, mahali ilipogongwa. Sasa kwa nini W ya kisu iwe jina la mtu? Ni West, Ujerumani Magharibi. Nchi ya namna hiyo ilianza 1949, na 1990 Wajerumani wakaungana. Wilhelm aliachia kiti mwaka 1918. Kaisari gani huyo wa kuandikwa kwenye kisu cha baada ya vita ya pili?

Halafu meli. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilipona kwa sababu kabla ya kuizamisha walizipaka grisi nzito. Kisu cha mfukoni nani alikipaka? Okapi nizijuazo mimi ukikatia limau ukasahau kufuta, kesho ubapa una madoa meusi. Miaka minane majini halafu mnyama bado anasomeka! Muulize huyo mzee.

Ila usimtukane. Uongo wake umejenga jirani na ukweli. Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yao huku kwetu. Mwaka 1988 kazi ikahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo kama mhuri ni wa kweli, kisu chako si cha kabla ya 1949 wala si cha baada ya 1988. Ni umri wa baba, si wa babu.

Sasa huo mhuri. Sumaku iache, chuma cha jana nacho kinanasa. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa ubapa, upige picha kisha uikuze. Herufi zilizogongwa zamani zina uchafu mweusi chini kabisa, na kutu imepita juu yake na juu ya chuma cha pembeni kwa pamoja. Ukikuta herufi zinang'aa ndani wakati ubapa umechakaa, zimechongwa juzi. Kutu nayo iangalie rangi: ya miaka ni ya kahawia iliyoiva, inakaa kwa madoa. Ya siki na chumvi ni ya chungwa, imetapakaa sawasawa kama rangi ya ukutani.

Ribiti zote zichunguze. Moja ikiwa mpya, kilishafunguliwa. Kifungue, ushike ncha, utikise. Kikicheza, meno ya komeo yameliwa, na Okapi isiyoshika komeo ni hatari kwa vidole vyako kabla ya kuwa hatari kwa mfuko.

Harufu ya chai ni kwamba mtu ameuloweka mpini uonekane mzee. Nimeona mpaka stuli zikifanyiwa hivyo.

Bei kwa maoni yangu: mhuri safi, komeo kali, ubapa haujapunguzwa na kunoa, elfu sabini ningetoa bila kinyongo. Umeliwa, thelathini. Hizi zilikuwa visu vya watu wa kawaida, hakuna nahodha hapo. Na usikipige msasa! Mafuta ya cherehani na kitambaa, basi.

Heller Ishirini

Mzee wangu, nimerudi Ujiji na tochi. Herufi zina uchafu mweusi mpaka chini, na kutu ni ya madoa. Mhuri ni wenyewe. Ila ribiti ya nyuma ni msumari uliokatwa, na ubapa umenolewa hadi mnyama amebaki bila miguu. Hilo nilikuwa nimeliona tangu Jumamosi, nikadhani ndivyo okapi alivyo.

Nilipomwambia habari za W akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Akasema sawa, hakikutoka melini, alikinunua yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Chai aliloweka mjukuu wake baada ya kuona video. Nikaomba elfu hamsini yangu. Akasema kishika uchumba hakirudi, bibi harusi mchukue.

Nimemchukua.

Mnoa Visu wa Isevya

Umezidisha elfu ishirini. Ukipita Tabora kilete nikutolee huo msumari. Na kaandike pembeni alichokwambia mzee kuhusu alivyokinunua, ukiweke karatasi hiyo pamoja na kisu. Mkusanyaji mwingine atailipia hiyo kuliko meli.

Mama Mgebuka

Na wifi?

Heller Ishirini

Bado.