Mrejesho: Kusaka vikopo kwa GPS na watoto, Ujiji

Wakuu, niliwauliza nijiandae vipi kwenda na wanangu wawili na binamu yao kwenye ule mchezo wa kutafuta kikopo kilichofichwa kwa kufuata namba za GPS, ulioanzia Marekani Mei 2000. Tumekwenda Jumamosi. Vikopo vitatu nilivificha mwenyewe kwenye shamba la mzee mmoja huku Ujiji, kwa ruhusa yake.

Aliyesema kila mtoto ashike fimbo ya kuchokolea kabla ya kutia mkono, ubarikiwe. Wa kwangu mdogo aliitupa fimbo, akaingiza mkono chini ya mzizi wa mwembe. Siafu! Walishapanda hadi kwapani. Nilimvua shati palepale, nikamtoa mmojammoja, wengine wakaacha vichwa kwenye ngozi. Nyoka hatukuona, lakini tangu hapo fimbo haikumtoka mkononi.

Filimbi nilinunua tatu, nikawaambia ukipotea piga mara tatu. Walipiga njia nzima, mpaka mzee akatoka kuuliza mechi inachezwa wapi.

Simu nayo, chini ya majani mazito mshale ulikuwa unacheza tu. Ikibaki mita tano hivi, iweke mfukoni mtafute kwa macho. Pawabenki niliisahau kwenye chaji nyumbani (msicheke), tukarudi na asilimia 4.

Maji lita tano yaliisha kabla ya saa sita. Kikopo cha tatu bado kiko huko, mimi mwenyewe nimesahau nilipokiweka.