Baridi ya Julai inanimaliza, naomba ushauri

Hamjambo wanakikundi. Nauza juisi ya miwa hapa Kawangware, Nairobi. Tangu Juni jua limejificha, wateja wamehamia chai ya tangawizi; jana niliuza vikombe 9, na Februari nilikuwa napita 60. Kodi nadaiwa. Lakini kinachonitisha ni mimi mwenyewe: naamka saa 9 usiku, nasikiliza umande ukidondoka kwenye mabati, nahesabu madeni mpaka adhana. Mke wangu namkaripia bure, kisha najuta. Nimeacha pombe (hilo limesaidia kidogo), nalala mapema, wapi.

Mliopitia haya: kwa mtaji wa shilingi 2,000, niuze nini mpaka Agosti iishe? Na usingizi kupotea wiki 3 hivi, nimwone daktari au nivumilie tu?