Ulinganisho: TDA1541A, ES9038Q2M au PCM5102A kwa kanda za taarab nyumbani?

Mkomani_Udi
Assalaam aleikum. Nina kanda za taarab na kasida zilizorekodiwa harusini na kwenye maulidi hapa Lamu, nyingi za marehemu baba. Nimeshazihamishia kwenye kompyuta, biti 16 kwa 44.1 kHz. Sasa nataka kuzisikiliza sebuleni kupitia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na amplifaya ya zamani. Umeme wetu ni sola na betri ya volti 12, inverta twaiwasha usiku tu. Nimebaki na njia tatu za DAC, ile chipu inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa kwenda kwa amplifaya: bodi yenye TDA1541A ya Philips, ya ES9038Q2M ya ESS, au ile ndogo ya PCM5102A ya Texas Instruments. Bei zimepishana mno. Aliyezishika kwa mkono anieleze udi utatoka vizuri zaidi kwa ipi.

FundiLangoni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Tuanze na zinavyofanya kazi.

TDA1541 ilitoka mwaka 1985, na hiyo A ni toleo lake lililofuata. Ni chipu ya biti nyingi: kila sampuli (kipimo kimoja cha sauti, kwako 44,100 kwa sekunde) inageuzwa moja kwa moja kuwa mkondo wa umeme, kwa kujumlisha mikondo ambayo kila mmoja ni nusu ya uliotangulia. Ugumu wake ni usahihi. Ngazi za biti 16 ni 65,536, kwa hiyo mkondo mkubwa ukikosea kidogo tu, kosa lake linazimeza biti zote za chini. Philips waliifanya mikondo hiyo ipokezane nafasi kwa kasi ili makosa yafutane kwa wastani. Ndiyo maana utaona kepasita 14 zimeizunguka chipu: zinalainisha kule kupokezana. Ni kazi ya akili sana, naiheshimu mpaka leo.

Hizo mbili nyingine ni delta-sigma. Hazishughuliki na ngazi 65,536. Zinazidisha sampuli mara nyingi, zinatumia ngazi chache zinazobadilika kwa kasi kubwa, na kelele inayozaliwa humo inasukumwa juu ya masafa ya sikio, kisha inachujwa.

Sasa kanda zako. Kaseti ya kawaida, kutoka mvumo wa utepe mpaka sauti ya juu kabisa, ina desibeli 50 hadi 60 hivi. Biti 16 zinakupa karibu 98. Kwa hiyo hata chipu ya chini kabisa kati ya hizi imeupita utepe kwa mbali. Namba kubwa za ES9038Q2M ni za kweli, ila kwenye kanda za harusi hutazisikia.

Kitakachokuamulia ni umeme. TDA1541A inadai volti +5, -5 na -15. Kuzitoa hizo kwenye betri moja ya 12 utahitaji vigeuzi vya kuswichi, na hivyo ndivyo vinavyoleta mluzi. ES9038Q2M nayo, ile volti yake ya analogi ndiyo kipimo inachopimia sauti: uchafu wowote kwenye waya ule unatokea spikani. Juu ya hapo inataka op-amp (chipu ya kukuza mawimbi) nzuri nyuma yake. PCM5102A inaishi kwa volti 3.3, upande wa hasi inajitengenezea yenyewe ndani, na inatoa volti 2.1 tayari kwa amplifaya. Mimi ningechukua hiyo.

MalindiStereo
Fundi, kwa heshima zote, hapo sikubali. Nina deki ya CD yenye TDA1541A, nimeiondoa filta ya kuzidisha sampuli. Nyuzi za udi zina mwili, na vayolini haichomi. Nimesikiliza Sabre, yaani chipu za ESS, kwa rafiki, kila kitu kipo lakini baada ya nusu saa sikio limechoka.

ShelaSauti
Kaka wa Malindi, ulichosikia kipo na kinapimika. Chipu isiyozidishiwa sampuli kwa 44.1 kHz inashuka zaidi ya desibeli 3 ikifika 20 kHz, na mshuko wenyewe unaanza mapema taratibu. Vayolini lazima ilainike. Lakini kiasi hicho waweza kukipata kwa ekwalaiza ya programu ndani ya Raspberry Pi bila kununua kitu.

Jambo jingine: mlizilinganisha kwa kiwango kimoja cha sauti? Iliyozidi hata kidogo huonekana ina uhai zaidi, na mtu ataapa kwamba ni chipu. Cheza toni ya 100 Hz, pima volti za AC kwenye vituo vya spika, sawazisha, ndipo msikilize. Nasema 100 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hazisomi vizuri masafa yakipanda.

Na Mkomani_Udi, TDA1541A haitengenezwi tena, na sokoni zimejaa zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Usinunue bila kumjua muuzaji.

Bandari84
Mbona AKM, watengenezaji wa chipu wa Japani, hamkuwataja? AK4493 ni laini mno.

ShelaSauti
Ni nzuri, naipenda. Kiwanda chao cha Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, chipu zikaadimika na watengenezaji wengi wakahamia ESS. Uzalishaji ulirudi baadaye, ila kwa kanda hizi hoja ya fundi bado inasimama.

MalindiStereo
Kiwango hatukusawazisha. Nitarudia kwa toni hiyo ya 100 Hz. Deki yangu siiuzi, lakini kwa mtu wa betri nakubali TDA1541A ni mzigo.

Mkomani_Udi
Nimewaelewa, ahsanteni. Nachukua PCM5102A. Swali langu sasa ni chumvi. Nyumba iko karibu na ufuo, jeki za RCA za amplifaya zimeshaota kutu ya kijani.

FundiLangoni
Jeki zibadilishe kwanza, kabla ya DAC. Kutu ile inafanya mguso uwe na hitilafu, na utasikia mikwaruzo utakayoisingizia chipu. Bodi ukishaijaribu ikalia, isafishe kwa spiriti, ikauke kabisa, kisha ipake vanishi ya bodi za umeme pande zote. Jeki na pini zizibe kwa utepe wakati unapaka.

Volti 12 usiipeleke kwenye bodi moja kwa moja. Ishushe hadi 5 kwa kigeuzi cha Pi, na DAC ipe regyuleta yake ndogo peke yake. Nyaya za sauti kutoka Pi ni tatu, BCK (saa ya biti), LCK (saa ya kushoto na kulia) na DIN (data), pamoja na graundi. Zifanye fupi, sentimita 10 zatosha. Halafu tazama pini ya SCK, ya saa kuu ya chipu. Pi haikupi saa hiyo, kwa hiyo lehemu SCK kwenye graundi ili chipu ijitengenezee saa yake ndani. Bodi nyingi zinakuja na nafasi hiyo wazi, na ukiiacha hivyo huenda usipate sauti kabisa. Na XSMT, pini ya kunyamazisha, iwe juu, kwenye volti 3.3. Ikiwa chini, chipu imenyamazishwa.