Mchanga wa titani umekwisha Kwale: tugawane ardhi au maji?

Mwana wa Msambweni: Wazee na vijana, karibuni mjadala. Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium ulifunga kazi ya kuchimba. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, kwa hivyo tumekaa na malori yale takriban miaka kumi na moja. Sasa barabara imetulia, na barazani ni mzozo mmoja tu: ardhi apewe nani? Wengine wanamtaka mwekezaji mkubwa. Wengine wanasema irudi kwa familia za Nguluku na Maumba zilizohamishwa kupisha mgodi.

Mimi naona tunagombania ganda. Nenda mahali palipochimbwa ukaushike huo mchanga. Uliporomoshwa, ukaoshwa, madini yakatolewa, na udongo wa mfinyanzi ukaenda upande wake. Juu wamerudisha udongo mzuri na nyasi zimeota, lakini fukua kidogo: unapita vidoleni kama sukari. Mwagia kopo la maji, huoni limekwenda wapi. Ukinipa ekari tano za namna hiyo bila maji, umenipa jua.

Mali yenyewe ni bwawa la Mukurumudzi, lililojengwa kwa kazi ya mgodi. Atakayelishika ndiye mwenye ardhi, hata kama hati iko kwangu. Basi kabla ya kugawa hata plot moja, tukubaliane: bwawa ni la kaunti, la mwekezaji au la ushirika wa wakulima? Na bili ya pampu analipa nani?

Mama Mpangishaji, Ukunda: Kaka, maneno matamu, ila mimi nina vyumba sita na vinne ni vitupu. Wapangaji wangu walikuwa mafundi wa mitambo na madereva. Fundi aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi utamwambia alime mihogo akae Kwale? Atakwenda zake Mombasa. Leteni kiwanda.

Mwana wa Msambweni: Dada, kiwanda sikikatai. Ila wewe na mimi tunaijua Ramisi. Kiwanda cha sukari kilifungwa 1988, watu wakangoja mwekezaji karibu miaka ishirini, na alipokuja tukaanza kesi za mipaka. Sitaki kungoja tena mtu wa kutoka nje na ilhali maji yapo leo. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa madini yanayochimbwa, kaunti 20, serikali kuu 70. Hiyo 10 yetu ingenunua pampu badala ya kuishia kwenye madarasa ya kukatwa utepe. (Najua nitatukanwa kwa hili.)

Mvuvi, Gazi: Mnagawana bwawa kana kwamba mto unaishia hapo. Mukurumudzi unateremka kwetu. Maji matamu yakipungua, mikoko yetu inanywa chumvi tupu, na kamba wadogo hukulia humo humo mizizini. Mikoko hiyo ndiyo inayotuletea pesa za kaboni, yaani tunalipwa kwa kuitunza kwa sababu inafyonza hewa chafu, na pesa hizo zimetuwekea maji ya bomba kijijini. Mkulima akifungulia koki huko juu usiku kucha, mimi asubuhi natia nyavu kwenye tope. Siku mtakayoandika huo mkataba wa bwawa, tuwekeeni kiti, na muanze kwa kuandika ni kiasi gani cha maji hakiguswi.