Mjadala: Kwiri za zamani zenye mikato, *= na (+), tuziandike upya au tuziache?

Mwanzisha mada
Wakuu, JOIN yenye ON (JOIN huunganisha majedwali, ON hubeba sharti la kuyaunganisha) iliingia kwenye kiwango cha SQL, lugha ya kwiri za hifadhidata, cha 1992, na Oracle wakaipokea kwenye toleo la 9i la hifadhidata yao. Hadi leo mifumo kibao inataja majedwali kwa mikato kwenye FROM na kurundika masharti yote kwenye WHERE. Msimamo wangu: zote ziandikwe upya. Sahau sharti moja tu, kila mteja anaunganishwa na kila oda: wateja 1,000 na oda 2,000 wanakumwagia rekodi 2,000,000 na injini iko kimya. JOIN isiyo na ON, SQL Server (hifadhidata ya Microsoft) inaikataa palepale.

Fundi Kwiri
Mkuu, unachanganya mambo mawili. Mkato bado ni SQL halali, na kwa joini ya ndani (inayobakiza rekodi zenye mwenza tu) optimaiza, sehemu ya injini inayopanga namna ya kuendesha kwiri, kwa kawaida hutoa mpango uleule. Kuchokonoa ripoti yenye hesabu sahihi ili ipendeze macho ni kutafuta balaa. Iliyokufa ni *= ya SQL Server, alama ya zamani ya joini ya nje (inayobakiza hata rekodi zisizo na mwenza): toleo la 2005 liliikubali kwenye kiwango cha upatanifu (mpangilio wa kuiga toleo la zamani) 80 au chini yake tu, na 2012 likakiondoa kiwango cha 80. Hiyo sina ubishi nayo.

Mchuja Rekodi
Mtego uko kwenye kuandika upya kwenyewe. Tazameni:

`SELECT w.jina, o.kiasi FROM wateja w, oda o WHERE w.id *= o.mteja_id AND o.hali = 'WAZI'`

Hapa hali inachujwa kabla ya kuunganisha. Wateja wote wanatoka, asiye na oda ya wazi anapewa NULL (thamani tupu). Wengi wanaigeuza hivi:

`FROM wateja w LEFT JOIN oda o ON w.id = o.mteja_id WHERE o.hali = 'WAZI'`

Wateja wenye NULL wameshatoweka! Sharti la hali lilipaswa kuhamia kwenye ON.

Oracle, ambako alama ya zamani ya joini ya nje ni (+), mambo ni mengine. `o.hali(+) = 'WAZI'` inakwenda kwenye ON, lakini ikiandikwa bila (+), joini ya nje ilishageuka ya ndani tangu zamani. Itafsiri kama ilivyo. Kama aliyeiandika alipitiwa, mwenye ripoti ndiye aamue, si wewe kimyakimya.

Mwanzisha mada
Na wanaochanganya mitindo? Kwenye hifadhidata ya MySQL, tangu toleo la 5.0.12, JOIN inatangulia mkato. `FROM a, b JOIN c ON a.id = c.a_id` inaanguka na kosa 1054 (safu isiyojulikana), kwa kuwa ON hapo inaona b na c tu. Ukiiacha mikato, siku mtu akiongeza jedwali la tatu kwa JOIN ndipo inapolipuka.

Fundi Kwiri
Inalipuka kwa kelele, mkuu, kwa hiyo inaonekana. Ninachoogopa ni namba zinazobadilika bila kosa lolote. Anayetaka kugeuza aendeshe ya zamani na mpya kwenye nakala ileile ya data. Ya *= inahitaji nakala kwenye SQL Server 2008 R2 au chini yake, kwa kiwango 80. Kisha EXCEPT, inayotoa rekodi zilizo kwenye tokeo moja na kukosekana kwenye lingine, pande zote mbili (Oracle ni MINUS), na pia COUNT(*) ya kuhesabu rekodi za kila tokeo, maana EXCEPT inafuta rekodi zinazojirudia. Za mikato mitupu bado nasema ziacheni.