Nodi za moyo na nodi za limfu: ni kitu kimoja?

mwl_nyalenda
Wakuu, habari zenu. Nafundisha Bayolojia kidato cha tatu hapa Kisumu. Wanafunzi wanaandika kwamba nodi za kwapani husaidia moyo kupiga, kwa sababu tu jina ni moja. Niwaelezeje? Na wameuliza pia: mtoki (nodi ya limfu) ukivimba, hospitali ni lini?

afisakliniki_ahero
Mwalimu, nodi ni kifundo tu. Za moyo ni misuli. Za limfu ni makao ya chembe nyeupe.

Nodi ya SA (sino-atria) iko juu kwenye ukuta wa atriamu ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo, pale vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaorudisha damu, inapoingilia. Hujiwashia umeme yenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akitulia. Neva huiharakisha au kuipunguza kasi, haziianzishi. Umeme ukishaenea kwenye atriamu zote mbili, hufika nodi ya AV (atrio-ventrikali), chini kwenye ukuta unaozitenga. Hapa ndipo alama za mtihani hupotea: wanafunzi wanaandika kwamba AV "hupitisha" umeme, basi. AV huuchelewesha, takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili ventrikali, vyumba vya chini, zijae kabla ya kubana. Kisha umeme hushukia kifungu cha His na nyuzi za Purkinje, njia zinazousambaza kwenye ventrikali.

SA ikizimika, AV hushika usukani kwa mapigo 40 hadi 60 kwa dakika. Nayo ikishindwa, ventrikali hujikokota kwa 20 hadi 40, na mtu huweza kuzirai.

nesi_mamboleo
Wahesabishe mapigo darasani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, sekunde 60 kamili. Gumba lenyewe lisitumike kupimia, lina mapigo yake. Mapigo 45 kwa mkimbiaji wa Iten si ajabu. Kwa mzee mwenye kizunguzungu, hayo ni ECG (kipimo cha umeme wa moyo) leo hii, na abebe dawa zake zote: atenolol, digoksini na verapamili hupunguza kasi ya nodi.

maabara_kakamega
Upande wa limfu: maji yanayovuja kutoka kapilari hukusanywa (hayo ndiyo limfu) na kupitishwa kwenye nodi, ambazo ni mamia mwilini, nyingi ndogo kuliko harage. Mishipa inayoingia nodi ni mingi, inayotoka ni michache, kwa hiyo mwendo ni wa polepole na makrofaji, chembe zinazomeza vijidudu, wanapata nafasi ya kunasa vijidudu. Seli B na T, aina za chembe nyeupe, zinazokitambua kijidudu huanza kugawanyika, na huko kuongezeka ndiko hasa kunakovimbisha mtoki. Kidonda cha mguu huvimbisha kinena, jino bovu huvimbisha chini ya taya.

Mtoki laini, unaouma, wenye kidonda jirani, mara nyingi hunywea wiki chache baada ya kidonda kupona. Usiosubiriwa ni ule mgumu, unaozidi sentimita 2, uliopitisha wiki 4, au unaoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda. Huku kwetu fikiria TB ya tezi, yaani ya nodi hizi: hukaa hasa shingoni, mara nyingi bila maumivu, na huwapata zaidi wanaoishi na HIV. Msiuchanje wala kuukamua, utatoboka na kidonda kigome kufunga. Huvutwa majimaji kwa sindano nyembamba, yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB. Dawa ni miezi 6. Tezi zinaweza kuvimba zaidi katikati ya dawa. Mgonjwa arudi kliniki aangaliwe, asiache dawa kwa uamuzi wake.

mwl_nyalenda
Asanteni. Kwa hiyo nodi za moyo na za limfu hazikutani popote?

afisakliniki_ahero
Hukutana njiani. Limfu haisukumwi na moyo. Inategemea misuli, pumzi na vali. Mwishowe humiminika kwenye vena kubwa nyuma ya mitulinga, sehemu kubwa upande wa kushoto, ikashuka kwa vena kava ya juu na kuingia atriamu ya kulia, ikipita kando kabisa ya SA. Na kwa kuwa limfu ya tumboni hupandia kushoto huko, kivimbe juu ya mtulinga wa kushoto, hata kiwe kidogo kama dengu, huweza kuwa dalili ya saratani ya tumboni, na hakingojewi wiki 4.