Mjadala: Sheria za shaba za miji ya Kirumi ziliandikwa ili zisomwe, au zitishe?

Mchimba Kale: Wakuu, mwaka 1981 huko El Saucejo, Hispania, yalifukuliwa mabamba sita ya shaba kati ya kumi yenye sheria ya mji mdogo wa Irni, enzi za Kaisari Domitian. Mwishoni inaagizwa yabandikwe mahali pa wazi kabisa, mtu asome akiwa amesimama chini. Lakini herufi hazifiki urefu wa punje ya mchele! Mimi nasema zilikuwa za kutisha tu.

Bi Nuru: Sikubali. Sheria ya Málaga, mji mwingine wa Hispania, iliyopatikana 1851, inamtaka aliyeshika fedha za mji atoe hesabu ndani ya siku 30. Mgombea naye anaweka wadhamini kwanza. Asiyejua kusoma alisomewa, kama bibi yangu alivyosomewa barua maisha yake yote.

Jembe Halimtupi Mkulima: Mnawasifu hao? Sheria ya Urso, koloni la Julius Caesar, iliwatoa watu siku tano kila mwaka kujenga kuta bila malipo. Hadi watoto wa miaka kumi!

Bi Nuru: Watoto umewaongeza wewe. Chini ya miaka 14 haguswi, juu ya 60 haguswi. Na siku tano ndiyo ukomo, hawaruhusiwi kuzidisha.

Jembe Halimtupi Mkulima: Ukomo! Dada, wewe hujawahi kutolewa kwenye msaragambo mvua za kwanza zikinyesha, shamba lako halijapandwa.

Bi Nuru: Hunijui, kaka. Nimechimba mtaro nikiwa na mimba ya miezi sita, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mwenyekiti kwamba siku zangu zimeisha. Ndiyo maana nathamini ukomo ulioandikwa.

Mchimba Kale: Jamani, mada ni herufi.

Kijana wa Hesabu: Jozi ya wanyama wa kukokota ilidaiwa siku tatu, binadamu tano. Na wakubwa nao walichangia: kila mkuu wa mji alitoa angalau sesta (sarafu za Kirumi) 2,000 zake kwa ajili ya michezo.

Jembe Halimtupi Mkulima: Malizia basi! Sheria hiyohiyo inamruhusu achote 2,000 nyingine hazina. Mimi naponda mawe, yeye anashangiliwa uwanjani.

Bi Nuru: Hapo kwenye hazina nakuunga mkono. Kwenye ukomo, sirudi nyuma.